Mgonjwa anamhitaji aliyekwishapita njia hiyo

Mtaani kwetu mtu akinenepa hupongezwa. Ataambiwa amependeza, ndoa imemkubali, mambo yamemnyookea. Akipungua, hata kama amepungua kwa jitihada zake mwenyewe na kwa agizo la daktari, watu humtazama mara mbili. Wapo watakaomuuliza kwa sauti ya huruma kama anaumwa, na wapo ambao hawatamuuliza yeye bali watakwenda kuulizana wao kwa wao. Tangu UKIMWI ulipoingia katika nchi zetu miaka ya 1980, kukonda kumebeba tafsiri moja tu katika vichwa vya wengi.

Ndugu msomaji, jambo hili linaonekana dogo lakini madhara yake ni makubwa. Chukua mfano wa mama wa miaka 45 aliyepimwa na kukutwa na kisukari. Daktari amemwambia apunguze kilo kadhaa, aache soda, apunguze wanga na atembee kila siku. Mama yule anaanza vizuri. Mwezi wa pili gauni linampwaya, naye anafurahi. Kisha anakwenda harusini. Kabla hajakaa vizuri kwenye mkeka, wanawake watatu wamekwishamuuliza ana nini. Wa nne anamshika mkono na kumwambia "pole shoga, Mungu atakufanyia wepesi." Wiki inayofuata anarudi kwenye maandazi na chai ya sukari nyingi. Hakurudi kwa sababu ya njaa. Amerudi ili watu wanyamaze.

Tukumbuke kuwa tatizo la unene si la watu wachache tena. Utafiti wa kitaifa wa hali ya afya uliofanyika Tanzania mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa wanawake 28 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Unene huo ndio unaofungua mlango wa kisukari cha ukubwani, shinikizo la damu, maradhi ya moyo na maumivu ya magoti ambayo yanawafanya akina mama wengi waswali kwenye kiti kabla ya wakati wao.

Daktari hukaa na mgonjwa dakika kumi, pengine kumi na tano, kisha hamuoni tena hadi mwezi ujao. Siku zote zilizobaki mgonjwa yuko na mume, mke, watoto, mashoga na majirani. Hao ndio wanaompa moyo au wanaomvunja. Na katika wote hao, mwenye uwezo mkubwa zaidi wa kumpa moyo ni yule aliyekwishapatwa na jambo lile lile akalivuka.

Kupunguza uzito si kazi ya mtu peke yake

Mwaka 1961 huko Queens, katika jiji la New York, Marekani, alikuwapo mama mmoja wa nyumbani aitwaye Jean Nidetch. Alikuwa na kilo zipatazo 97. Alikwenda kwenye kliniki ya unene ya idara ya afya ya jiji akapewa utaratibu wa chakula, na utaratibu wenyewe ulikuwa mzuri. Lakini alikuwa na siri: alikuwa akila biskuti kwa kujificha, na kule kliniki hakuthubutu kusema. Akawaita nyumbani kwake marafiki sita, wote wanene kama yeye, akawaambia ukweli. Na wao wakatoa siri zao. Wakawa wanakutana kila wiki, na idadi ikaongezeka hadi chumba hakitoshi. Kufikia mwaka 1962 mama yule alikuwa ameshuka hadi kilo 64 hivi, na mwaka 1963 mikutano ile ikageuka kuwa kampuni, ile iitwayo Weight Watchers, ambayo ilienea nchi nyingi. Yeye mwenyewe aliishi hadi mwaka 2015, akafariki akiwa na umri wa miaka 91.

Hatuisifu biashara hapa. Tunachotaka msomaji akione ni kwamba chakula alichoandikiwa Nidetch hakikubadilika. Kilichobadilika ni kuwa alipata watu wa kuwaambia kuhusu biskuti.

Sayansi nayo imeonyesha kitu kinachokaribiana na hicho. Mwaka 2002 yalitangazwa Marekani matokeo ya utafiti mkubwa uliohusisha watu 3,234 waliokuwa ukingoni mwa kupata kisukari. Kundi moja lilipewa vidonge vya metformin, kundi jingine vidonge visivyo na dawa, na kundi la tatu lilifundishwa kupunguza uzito kwa asilimia 7 na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki. Baada ya miaka takriban mitatu, waliobadili maisha walikuwa wamepunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58, na waliotumia metformin kwa asilimia 31. Wengi husoma habari hii wakabaki na hizo dakika 150 tu. Lakini watu wale hawakupewa karatasi wakaambiwa nendeni. Kila mmoja alikuwa na mtu maalumu wa kumfuatilia, aliyempitisha katika masomo 16 kwa miezi ya mwanzo, akimuuliza wiki imekwendaje na kikwazo kilikuwa nini.

Sisi hatuna uwezo wa kumpa kila mgonjwa mtu wa kumlipa mshahara. Lakini tuna darasa la akina mama baada ya Alasiri, tuna vikundi vya kufa na kuzikana, tuna jamaa wa msikiti mmoja wanaoonana mara tano kwa siku. Akina mama wanne wenye kisukari wanaweza kukubaliana kutembea pamoja nusu saa baada ya swala ya Alfajiri, siku tano kwa wiki. Hapo dakika 150 zimetimia bila gharama yoyote. Faida ya kuwa wanne ni kuwa siku usiyotaka kutoka kuna mtu atakayegonga mlango. Si lazima kununua mzani. Futikamba ya fundi cherehani inatosha: pimaneni kiuno mara moja kwa mwezi, muandike.

Katika kikundi hicho semeni ukweli kama aliousema Nidetch. Nani amekula vitumbua vinne jana? Nani amekunywa soda? Chupa moja ya soda ya mililita 350 inaweza kuwa na sukari ya vijiko tisa vya chai, na mtu akilijua hilo mbele ya wenzake ambao nao wanaipenda soda, hulikumbuka zaidi kuliko akilisoma ukutani zahanati. Asichekwe aliyeteleza. Na mwenye kutumia vidonge vya kisukari au sindano za insulini amweleze daktari wake kabla ya kuanza, kwa sababu uzito na chakula vikipungua, dawa nayo huenda ikahitaji kupunguzwa, la sivyo sukari itashuka kupita kiasi. Vivyo hivyo kwa Ramadhani: mwenye kisukari anayetaka kufunga amuone daktari wiki sita hadi nane kabla, asingoje hadi mwezi uandame.

Kuhusu ndimi za watu, Suratul Hujurat, aya ya 11 na ya 12, imetukataza kudharauliana, kuitana kwa majina mabaya na kusengenyana. Kumwita mtu "bonge" kumo humo. Kukaa kibarazani na kukisia ni maradhi gani yamemkondesha fulani pia kumo. Ukimuona ndugu yako amepungua na hujui sababu, mwambie umefurahi kumuona, basi.

Waliougua ndio waliofundisha

Kwa upande wa maradhi ya muda mrefu, mfano ulio karibu nasi uko Uganda. Mwaka 1987, wakati ambapo mgonjwa wa UKIMWI alikuwa akitengwa hata na jamaa zake, Bi. Noerine Kaleeba, aliyekuwa amefiwa na mumewe kwa maradhi hayo mwezi Januari mwaka huo, alishirikiana na wenzake kuanzisha shirika la TASO. Baadhi ya waanzilishi wale walikuwa wenyewe wanaishi na virusi. Wakati huo dawa za kufubaza virusi hazikuwapo. Walichokuwa nacho ni kukaa na mgonjwa, kumsikiliza, kumuogesha na kumwambia: nami ninao, na leo nimeamka. Baadaye dawa zilipopatikana, watu wa namna hiyo hiyo ndio waliokuja kutumika katika kliniki nyingi za Afrika Mashariki kuwatia moyo wenzao wasiache dozi. Mhudumu anayemeza kidonge kile kile huwezi kumdanganya kwamba umemeza.

Kitandani baada ya upasuaji

Tuje kwenye upasuaji, ambako kutiana moyo kuna kazi ya pekee, kwa sababu hofu ya kisu inawapeleka watu wengi hospitali wakiwa wamechelewa.

Mwaka 1951 mjini Boston, wagonjwa wanne wa daktari Dwight Harken, ambao walikuwa wamefanyiwa upasuaji wa moyo wakati upasuaji huo ukiwa bado jambo geni na la kutisha, waliunda chama walichokiita Mended Hearts, yaani mioyo iliyotengenezwa. Kazi yao ilikuwa kuwatembelea wanaosubiri zamu yao. Hebu fikiria: kesho unapasuliwa kifua, usingizi huna, halafu anaingia mtu anayetembea kwa miguu yake, anasema naye alipasuliwa hivyo hivyo. Hakuna maneno ya daktari yanayoweza kufanya kazi hiyo. Leo Dar es Salaam ina Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015, na mitaani mwetu wapo watu wenye alama ya mshono kifuani wanaoendelea na shughuli zao. Hao ni hazina. Imamu akijua kuna muumini anayesubiri upasuaji wa moyo, na kuna mwingine aliyekwishafanyiwa, awakutanishe.

Mwaka mmoja baada ya wale wa Boston, mama mmoja wa New York aitwaye Terese Lasser aliondolewa titi kwa sababu ya saratani. Alitoka hospitali akiwa hajui mkono wake utanyooka vipi, avae nini, wala amuulize nani. Alipopona akaanza kuwatembelea wanawake wengine wodini, akiwa na mpira mdogo, kamba, na kitu cha kuweka ndani ya sidiria badala ya titi lililoondolewa. Baadhi ya madaktari hawakumtaka, wakaona anaingilia kazi yao. Hakuacha, na mwaka 1969 mpango wake, uitwao Reach to Recovery, ulichukuliwa na Shirika la Saratani la Marekani.

Mpira na kamba vilikuwa na maana yake. Mwanamke aliyeondolewa titi, hasa akiwa ameondolewa na tezi za kwapani, mkono wa upande ule hukakamaa asipoufanyisha mazoezi, na wakati mwingine huvimba. Kuminya mpira huurudishia mkono nguvu. Kamba hupitishwa juu ya mlango, mkono mzima ukauvuta ule mbovu taratibu kwenda juu. Mazoezi mengine ni kusimama mbele ya ukuta na kupandisha vidole kidogo kidogo kama buibui, kila siku kidogo zaidi ya jana. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo atamwambia aanze lini na afike wapi. Lakini atakayemuonyesha kuwa maumivu ya siku ya tatu si dalili ya kufumuka, na kwamba baada ya muda ataweza tena kujifunga mtandio mwenyewe, ni mwanamke aliyekwishapitia.

Mgonjwa wa saratani anayetoka mkoani kuja Ocean Road hukaa wiki kadhaa mbali na watu wake. Mwenyeji aliyewahi kutibiwa pale, akimtembelea mara moja tu na kumuonyesha alivyo sasa, amefanya jambo ambalo kapu la matunda haliwezi kulifanya.

Wageni wengi wa wodini, pamoja na nia yao njema, humrudisha mgonjwa nyuma. Humwambia alale, asijisogeze, mshono utaachia. Ukweli ni kinyume. Kwa upasuaji mwingi mgonjwa huinuliwa siku hiyo hiyo au siku inayofuata, akae, kisha atembee hatua chache, kwa sababu kulala muda mrefu huleta damu kuganda kwenye miguu na makohozi kujaa kifuani. Akohoe akiwa amekumbatia mto juu ya mshono, na avute pumzi ndefu mara nyingi kwa siku. Apewe vyakula vya kujenga mwili, yaani mayai, samaki, maharage, dagaa, maziwa, pindi daktari atakaporuhusu ale. Vitu vizito, ikiwemo ndoo ya maji na mtoto wa mgongoni, aviache kwa muda atakaoambiwa, ambao kwa upasuaji mkubwa huwa wiki sita na pengine zaidi.

Mama aliyejifungua kwa upasuaji naye yumo katika maelezo hayo, ingawa watu humsahau kwa kuwa kuna mtoto wa kutazamwa. Amekatwa tumbo kama mgonjwa mwingine yeyote. Kumwambia kuwa "hakuzaa mwenyewe" ni ujinga na ni dhulma.

Mwenye kumtembelea ajue pia dalili ambazo hazihitaji kutiwa moyo bali kukimbizwa hospitali: homa, usaha au harufu mbaya kwenye kidonda, wekundu unaosambaa, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kukosa pumzi ghafla. Hapo usiseme "ni kawaida, hata mimi."

Wanaume na aibu yao

Wanaume wagumu zaidi kusaidiwa. Mzee aliyefanyiwa upasuaji wa tezi dume hutoka hospitali, mpira wa mkojo umekwishaondolewa, lakini kwa wiki kadhaa, wakati mwingine miezi, mkojo humtoka bila kutaka anapokohoa au kuinuka. Hasemi. Kinachoonekana na watu ni kwamba haji msikitini. Watu hudhani bado anaumwa, au amekasirishwa na jambo, naye yuko ndani anaswali peke yake akiona kwamba hafai tena kusimama safuni.

Mzee mwenzake aliyepitia hali hiyo anaweza kulimaliza jambo hili kwa mazungumzo ya robo saa. Atamweleza kuwa kwa wengi hali hupungua kadiri siku zinavyokwenda. Atamfundisha zoezi la kukaza misuli ile ya kuzuia mkojo, akahesabu hadi tano, akaachia, mara kumi, mara tatu kwa siku. Atamwambia avae kitambaa au pedi na akibadilishe. Na atamkumbusha kuwa sheria ya dini yetu imemuona mtu kama yeye: mwenye kutokwa na mkojo mfululizo hujisafisha, akajifunga, akatawadha baada ya wakati wa swala kuingia, akaswali, wala kinachomtoka baada ya hapo bila hiari yake hakimuondoi katika swala. Mwenye bandeji hupaka maji juu yake, asiyeweza kutumia maji hutayamamu, na asiyeweza kusimama huswali amekaa. Kama ana swali zaidi amuulize sheikh wake faragha. Masheikh wameulizwa mambo haya mara nyingi kuliko anavyodhani.

Mipaka yake

Tusivuke mpaka lakini. Mwaka 1989 daktari David Spiegel wa Marekani alitangaza kuwa wanawake wenye saratani ya matiti iliyosambaa ambao walikutana katika vikundi kila wiki waliishi karibu mara mbili ya wasiokutana. Habari hiyo ilienea duniani. Lakini mwaka 2001 utafiti mkubwa zaidi wa Kanada, uliohusisha wanawake 235, haukuona tofauti yoyote ya urefu wa maisha, na Spiegel mwenyewe aliporudia utafiti wake, matokeo aliyoyatoa mwaka 2007 hayakuuonyesha urefu ule. Kitu ambacho Kanada walikiona ni kwamba wanawake wa vikundini, hasa waliokuwa na majonzi zaidi, walipungukiwa na majonzi, na maumivu yakawa hayawaelemei sana.

Kwa hiyo asitokee mtu akamwambia mgonjwa kuwa akiwa na moyo wa furaha saratani itaondoka. Akifanya hivyo, siku ugonjwa ukiongezeka mgonjwa atajilaumu kwamba hakufurahi vya kutosha. Kupunguza majonzi na maumivu ni jambo kubwa lenyewe, halihitaji kutiwa chumvi.

Hatari nyingine ni mtembeleaji anayegeuka tabibu. Aliyepona kwa dawa fulani hudhani kila mtu atapona kwayo. Wengine huja na chupa ya mizizi wakamwambia mgonjwa aweke kando vidonge vya presha. Kazi ya aliyepita njia ni kusimulia yeye alivyopita, na kila palipo na shaka amrudishe mgonjwa kwa waliomtibu, ikibidi amsindikize na kukaa naye kwenye benchi.

Kumzuru mgonjwa ni katika haki za Muislamu kwa Muislamu mwenzake, na sote tunaitekeleza haki hiyo, wakati mwingine kwa wingi kupita kiasi: watu kumi na wawili kuzunguka kitanda kimoja, simu zinalia, mmoja anasimulia jinsi shemeji yake alivyofia mezani kwa maradhi hayo hayo. Waende wawili. Wanawe mikono kabla ya kumgusa na baada ya kumgusa, wasikae juu ya kitanda chake, wamuombee dua, waondoke mapema. Mwenye mafua abaki nyumbani apige simu. Wengi hufika siku ya kwanza na ya pili. Mgonjwa huwa mpweke kuanzia wiki ya tatu, nyuzi zimetolewa, watu wamerudi kwenye shughuli zao, na yeye bado anachoka akienda chooni tu. Wiki hiyo ya tatu ndiyo ya kubisha hodi.